Mtama wa Masunga Katika Tangi la Taifa

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani kubwa ya ofisini kwetu, nikakuta mahali ambapo ingekuwa pamebandikwa kalenda yenye picha ya Mtukufu Mlezi, na kuibandua kalenda hiyo ni kosa. Basi msomaji asihangaike kuitafuta, wala asimkonyeze jirani yake. Haya hayakutokea kwenu. Yalitokea kwetu, na mimi nilikuwepo, nikayaandika kwa wino wa serikali, nakala tatu.

Mimi ni Karani wa Mapokezi, Daraja la Pili, Wizara ya Uchachu. Zamani hatukuwa na wizara hiyo. Tulikuwa na Wizara ya Kilimo, lakini ilivunjwa asubuhi moja kabla ya chai kwa sababu, kama alivyosema Mtukufu Mlezi, taifa linalokula mavuno yake lenyewe haliwezi kuendelea.

Mambo yalianzia kwenye chemchemi ya maji moto iliyo nyuma ya mlima wetu. Watu wetu walikuwa wakienda pale kuchemsha mayai na kuloweka magoti. Akaja mtaalamu kutoka nje, mtu mpole mwenye chupa ndogo na kofia ya jua, akachota tope la kijani, akaondoka nalo. Baada ya mwaka akarudi na habari. Ndani ya tope lile, alisema, mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyopenda joto kuliko kitu kingine chochote. Mahali ambapo mkono wa mtu ungebabuka, vyenyewe hustarehe. Ukivifungia kwenye tangi lisiloingia hewa, ukapasha joto hadi nyuzi sitini na tano, ukavimiminia uji wa mtama, vitaula wote na kutoa asidi. Asidi hiyo ikipelekwa ng'ambo hugeuzwa sahani za plastiki, vifuniko vya chupa, rangi ya ukuta na dawa ya kung'arisha viatu.

Mtukufu Mlezi alifurahi mno. Alihutubia taifa kwa saa nne.

"Ndugu wananchi," alisema, "nimeongoza miaka thelathini na mmoja nikitafuta raia wa mfano. Leo nimempata. Hasinzii. Hagomi. Hana chama. Anakula anacholetewa, kwa joto alilopangiwa, gizani, na hajawahi hata siku moja kuuliza mlango uko wapi. Kila mmoja wenu ajitazame, ajiulize: je, mimi nimefikia kiwango cha kijidudu?"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka saa yangu ikafunguka mkononi ikaanguka, na sikuiokota mpaka wimbo wa taifa ulipokwisha.

*

Tangi lilijengwa wilayani kwetu. Lilikuwa jeupe, refu kuliko mnara wa simu, na tumboni mwake mlikuwa na mabomba ya mvuke yaliyotoka kwenye boila la kuni. Lilikula magunia sitini kwa siku. Ndipo ukatoka Waraka wa Tisa: mtama wote wa wilaya, hadi punje ya mwisho, ni malighafi ya taifa na ufikishwe mapokezini. Wakulima wasiwe na wasiwasi wa njaa. Wangepewa unga wa njano wa msaada, uliotolewa kwa huruma na nchi zilezile zilizokuwa zikinunua asidi.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kwetu, ambalo mtaalamu hakuliona kwa kuwa halikuingia kwenye chupa yake. Kwetu mtu akifa haondoki papo hapo. Hukaa. Siku ya arobaini hupikwa togwa ya mtama alioupanda yeye kwa mkono wake, si wa jirani wala wa sokoni. Kaka yake mkubwa, au mkubwa yeyote wa nyumba ikiwa hana kaka, humpa kata ya kwanza na kumwambia: "Umepanda, umevunwa mtama wako, umekunywa. Nenda." Ndipo huenda, na walio hai hunywa togwa iliyobaki na kurudi kwenye shughuli zao. Kwa ajili hiyo kila mpandaji ana fundo lake la kufungia magunia, ili mitama isije ikachanganyika. Fundo la mtu hafungi mwingine, isipokuwa mke wake.

Waraka wa Tisa haukusahau mafundo. Kifungu cha sita kilisema: "Mafundo ya kifamilia huleta utengano. Mtama ni mmoja kama taifa lilivyo moja. Mafundo yote yakatwe mapokezini." Mkasi nilikabidhiwa mimi. Ulikuwa na namba ya serikali, na nilikuwa nikienda nao nyumbani nimeufunga kwenye kitambaa.

Masunga alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Alikufa kwa homa ya siku tatu, mtama wake ukiwa umefika kifuani mwa mtu. Mkewe, Nyamizi, aliuvuna peke yake. Akaleta magunia kumi na moja kwa mkokoteni wa ng'ombe, yote yamefungwa fundo la Masunga, lile la mizunguko miwili lenye mkia uliofichwa ndani. Fundo hilo alifundishwa na baba yetu. Mimi sikuliweza kamwe, nilikuwa shuleni.

"Shemeji," alisema Nyamizi, "kumi chukueni. Hili moja niachieni. Arobaini ni Jumatano."

"Shemeji, waraka unasema wote."

"Basi nusu gunia."

"Nusu nayo imo katika wote."

"Kibaba kimoja, shemeji. Hata mwombaji hupewa kibaba."

Nilimwonea huruma. Nikafungua kabati nikampa Fomu ya Kurejeshewa Malighafi, ambayo si kila mtu alikuwa akipewa. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini.

"Hapa wanataka sahihi ya aliyepanda," alisema.

"Ndiyo."

"Aliyepanda ni Masunga."

"Basi asaini yeye. Wakishindwa wengine kufuata utaratibu, sisi ndugu tuwe mfano."

Akanirudishia fomu. "Masunga alikuwa akisema wewe ndiye uliyemfundisha kutembea."

"Ni kweli," nilimjibu, "lakini hapa niko kazini."

Nikayakata mafundo. Niliyakata polepole ili nisiharibu kamba, maana kamba nazo zilikuwa mali ya umma.

*

Jumatano ikapita. Marehemu wa nchi nyingine, nasikia, hutoka usiku na kutisha watu. Wetu ni wakulima, hutoka asubuhi. Alhamisi saa nne, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, Nyamizi alisimama dirishani akaniambia nije nimwone mdogo wangu.

Masunga alikuwa jikoni, juu ya kigoda chake, ndani ya sanda tuliyomvika. Mikono yake ilikuwa karibu kuingia motoni.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba," niliitikia, maana adabu ni adabu.

"Kaka, kuna baridi."

Nje jua lilikuwa likipasua mawe. Nyamizi alisimama mlangoni, amejifunga kanga kifuani, anatutazama kwa zamu.

"Jana nimesubiri kutwa," alisema Masunga. "Mwenzangu hapa amenipa togwa ya unga wa njano. Nimeionja, sikuijua. Mtama wangu uko wapi?"

"Uko kwenye maendeleo," nilisema.

"Ni mbali?"

"Kilomita nne."

Akafikiri. Masunga hakuwahi kuwa mtu wa haraka. "Naweza kutembea," alisema.

Nilitoka nje, nikapitia nyuma ya banda la kuku, nikarudi kazini. Kwenye daftari la ofisini niliandika: "Dharura ya kifamilia."

*

Akatembea kweli. Na hakuwa peke yake, maana mwaka ule watu walikufa wengi kwetu, na tatizo lao wote lilikuwa moja. Walitoka kila kijiji, mmojammoja kando ya barabara, wakiwapisha waendesha baiskeli. Walipofika kiwandani wakalizunguka tangi. Hawakulia, hawakupiga kelele. Waliweka viganja na mashavu kwenye lile bati jeupe na kutulia. Mtama wao ulikuwa mle ndani, na kwa bahati nzuri kulikuwa na joto.

Mwisho wa mwezi walifika mia tisa. Wafanyakazi walisema ukiweka sikio utasikia uji unachemka, na ndani ya mchemko ule kitu kama watu wengi wanatafuna. Mimi sikuweka sikio. Kwenye taarifa ya mwezi niliandika: "Kuna msongamano wa wadau."

Tatizo lilikuwa baridi yao. Baridi ya udongo si mchezo. Kila aliyeegemea tangi alilinyonya joto kidogo, na mia tisa wakinyonya kidogokidogo, hata boila la serikali litachoka. Kutoka nyuzi sitini na tano tukashuka hadi sitini na moja, kisha hamsini na saba. Msimamizi wa kiwanda alikuwa Injinia Kaijage, mtu mwembamba aliyeweka kipimajoto kwenye mfuko wa shati mahali ambapo wengine huweka kalamu. Asubuhi moja aliingia ofisini kwangu, akakaa bila kukaribishwa, machozi yanamtoka.

"Vinasinzia," alisema.

"Nani?"

"Raia wa mfano."

Lilikuwa suala la usalama wa taifa. Hatua zikachukuliwa mara moja. Kwanza kilitundikwa kibao: NI MARUFUKU MAREHEMU KUEGEMEA TANGI. Kisha vikatolewa vitambulisho vya marehemu, vya kijani kwa wenye haki ya kuegemea asubuhi na vya bluu kwa wa mchana, lakini hapakuwa na aliyekuja kuchukua chake. Polisi wakarusha mabomu ya machozi. Marehemu wakawaomba radhi, wakasema machozi yaliwaishia zamani. Mwishowe ikaamriwa boila liongezewe kuni, na kwa kuwa misitu ilikuwa imekwisha, ikakatwa miti ya makaburini. Hapo wakaja hata wale walioondoka miaka mingi iliyopita kwa togwa zao halali. Walikuja kulalamikia kivuli. Walipoonja joto wakabaki.

Waziri wa Uchachu, Mheshimiwa Gwakisa, ikabidi aje mwenyewe. Tulitandika zulia, tukaweka hema na bendi. Alipanda jukwaani akatandaza karatasi zake.

"Ndugu marehemu," alianza, "serikali yenu sikivu inatambua mchango mlioutoa wakati wa uhai wenu. Hata hivyo, kufa kusiwe kisingizio cha uzembe. Wenzenu katika nchi zilizoendelea wakifa wanalala. Nyinyi mna nini? Taifa haliwezi kurudishwa nyuma na kikundi cha watu wachache ambao hata hawapigi kura..." Hapo msaidizi wake alimnong'oneza, akarekebisha: "Ambao hupiga kura mara moja tu kila miaka mitano."

Katika mstari wa mbele alikuwapo bibi mmoja mdogo wa umbo, mkono mmoja bado uko kwenye tangi. Akageuza uso.

"Gwaki!" aliita. "Mwanangu, umenenepa! Unakula vizuri?"

Bendi ikanyamaza. Mama wa Waziri alikuwa amefariki mwezi wa tatu. Alizikwa kwa msafara wa magari ishirini na mawili, ila bila togwa, kwa sababu kashamba kake ka mtama nyuma ya nyumba ndiko kalikovunwa kwanza kabisa, mbele ya kamera, ili kiongozi aonyeshe njia. Mheshimiwa akazikunja karatasi za hotuba.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "niko kazini."

"Haya, fanya kazi, mwanangu. Mimi nasubiri tu."

Kwenye muhtasari niliandika: "Mgeni rasmi alisalimiana na wadau." Lakini nilimwona alivyoshuka jukwaani, akishika kamba za hema kama mtu anayetembea kwenye utelezi, na nikapata matumaini ambayo baadaye yaliniponza.

*

Iliundwa Kamati. Kamati ikaita wataalamu, na kwa kuwa wilaya nzima ilijua hakuna anayempita Nyamizi kwa kupika togwa, akaitwa naye. Aliingia ukumbini na kanga yake ya msiba, akakataa kiti.

"Mama," alisema Waziri kwa upole, "tuambie, hawa watu wanataka nini?"

"Kila mmoja anataka mtama alioupanda. Mkimpa, ataondoka leo hii."

Waziri akamgeukia Injinia Kaijage. "Si jambo gumu hilo. Mtoleeni kila mtu wa kwake."

Injinia alifuta uso. "Mheshimiwa, yote ni uji mmoja. Na mwingi umekwisha kuwa asidi."

"Basi apewe asidi ya kwake. Kwa mfano huyo mume wa mama hapa. Asidi yake ni ipi?"

Nyamizi akacheka. Sijui kama kilikuwa kicheko. Sauti ilikuwa ya kicheko. "Mheshimiwa, maji yakimwagika hayazoleki. Mliambiwa kuna mafundo, mkayaletea mkasi." Hakunitazama aliposema hivyo, na ningependelea angenitazama.

Kamati ilikaa siku sita, ikala mbuzi wanne, ikaja na ufumbuzi. Asidi ilikuwa imekwenda ng'ambo na kugeuzwa sahani. Basi kila familia ipewe sahani moja, nyeupe, yenye maandishi KWA HISANI YA WIZARA. Kisayansi, alieleza mwenyekiti, mtama wa marehemu umo humo kwa kiasi fulani, na marehemu akionyeshwa ataridhika.

Masunga aliitwa nyumbani kupokea yake. Nilikuwepo, nikiwa na kitabu cha kusaini. Aliipokea sahani kwa mikono miwili, akainusa mbele, akaigeuza akainusa nyuma. Akamwekea mkewe mikononi kwa adabu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

"Sijui huyu ni nani," alisema. Kisha akarudi kiwandani kwa miguu.

*

Jumapili moja nilikuwa nafua shati langu la kazi, Nyamizi akaja. Alikuwa na udongo hadi mabegani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba niliona meno yake.

"Shemeji, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama."

Chini ya ghala la Masunga kulikuwa na shimo la panya. Alilichimba kwa jembe, kisha kwa mkono, hadi akafika chumba chao cha akiba. Panya walikuwa wamebeba mtama wa Masunga kabla haujafika kwenye mkasi wangu. Ulikuwa viganja viwili, punje safi, nyekundu, hazijatafunwa. Nusu alikuwa ameshailoweka iote iwe kimea, nusu ameiweka ya kusaga.

"Jumamosi asubuhi togwa itakuwa imeiva," alisema. "Ni kidogo, lakini kata moja itajaa. Wewe ndiye kaka mkubwa, hana mwingine. Uje useme yale maneno, aende zake. Amechoka, shemeji. Na mimi nimechoka kumwona anatetemeka."

"Nitakuja," nilisema, na nilimaanisha. Alipoondoka nikakaa juu ya ndoo, nikalia kwa furaha, povu bado mikononi.

Sasa naomba msomaji anisikilize vizuri, kwa sababu mimi si mtu mbaya. Kila Ijumaa wafanyakazi wote wa Wizara tulisaini Tamko la Uaminifu: "Sijui mahali popote palipo na mtama usiofika tangini." Nilikuwa nimelisaini tangu tangi liwashwe, na sikuwahi kuandika uongo kwenye karatasi ya serikali. Nikajiuliza: mdogo wangu aende kwa mtama wa kuficha? Afike huko alikokwenda baba yetu kama mtoro? Nilitaka aende na mhuri. Nilitaka asisumbuliwe na mtu yeyote mbele ya safari. Tena nilimkumbuka Waziri alivyoshika kamba za hema. Mtu mwenye mama anayesubiri, nilijisemea, hawezi kukataa viganja viwili.

Basi nikaandika barua ya maombi. Niliiandika jioni tatu mfululizo, kurasa mbili, bila kufuta mahali. Kwa kuwa ombi lisilo na maelezo kamili hurudishwa, nilitaja kiasi cha mtama, jina la mjane, siku na saa ya shughuli, na mahali hasa ulipo: kwenye chungu kilichofunikwa jani la mgomba, kushoto kwa meko. Nikaambatanisha ramani. Alhamisi nikaipeleka mwenyewe hadi masjala. Ijumaa nikasaini Tamko na kuongeza kwa mkono: "isipokuwa ule niliokwisha kuuombea kibali."

Jumamosi nilivaa koti. Masunga alikuwa amefika kabla yangu. Alikaa karibu na mlango, miguu ameikunja, na hatetemeki. Harufu ya togwa ilikuwa imejaa nyumba nzima, ile harufu tamu yenye ukali kwa mbali, ambayo sikuwa nimeinusa mwaka mzima. Nyamizi alikuwa anakoroga. Alinipa kata.

"Kaka," alisema Masunga, "umevaa koti."

"Ni siku yako," nilisema.

Magari matatu yakaingia uani. Walishuka watu kumi na wanne kwa ajili ya viganja viwili vya mtama. Ofisa wao alikuwa kijana mstaarabu. Alivua kofia, akatoa karatasi, akasoma kwa sauti ili tujue sababu ya kufika kwake. "Kwa heshima na unyenyekevu mkubwa, naomba kuwasilisha kwamba katika nyumba ya mjane Nyamizi..." Alisoma vizuri sana. Kila mkato aliuheshimu. Sijawahi kusikia maneno yangu yakisomwa vizuri namna ile.

Alipofika "kushoto kwa meko" alitazama kushoto kwa meko.

Walichukua chungu. Walichukua kata mkononi mwangu. Vikasindikizwa kwa king'ora kilomita nne, vikamiminwa tangini mbele ya mashahidi. Injinia Kaijage aliniambia baadaye kwamba kipimajoto hakikusogea.

Nyamizi hakupiga kelele. Nilitamani angepiga.

"Ulikuwa unamwombea ruhusa," alisema.

"Ndiyo, shemeji."

"Ya kunywa."

"Ndiyo."

Akafunga kanga zake kwenye kitambaa, akachukua kigoda chake, akavuka mto kwenda kwa wazazi wake. Tangu siku ile hajanisalimu, na nikimwona sokoni napita njia nyingine kwa sababu sina la kumwambia.

*

Wakati wa mvua tangi lilipoa kabisa. Magazeti yaliandika kwamba vijidudu vimepewa likizo ya heshima. Wizara yetu sasa inaitwa Wizara ya Upepo, na kuna mtaalamu mwingine, naye ni mpole. Marehemu walipoona bati limekuwa la baridi wakarudi, kila mmoja mahali ambapo angepokelewa. Nyumba ya Masunga ilikuwa imefungwa. Akaja kwangu.

Kutwa hukaa ofisini, pembeni, karibu na birika. Wenzangu wakitaka chai humwambia "samahani, bwana," naye huinua miguu wapite. Jioni tunarudi pamoja. Hajanilaumu hata mara moja. Ningelala vizuri zaidi angenilaumu.

Mwezi uliopita, baada ya miezi minane, lilikuja jibu. Lilikuwa na mihuri mitatu na sahihi ya Mheshimiwa Gwakisa mwenyewe, sahihi iliyopindapinda. "Ombi lako limekubaliwa. Marehemu Masunga anaruhusiwa kunywa togwa ya mtama alioupanda, viganja viwili, mara moja tu. Kibali hiki ni halali kwa siku kumi na nne."

Nilimsomea mara mbili. Aliinamisha kichwa kusikiliza, kama alivyokuwa akinisikiliza nilipomsomea barua zamani, yeye hakwenda shule.

Mtama haupo. Hakuna anayepanda tena. Apande kwa ajili gani? Nilitafuta kwenye pembe za maghala, kwenye mishono ya magunia, nilichimba hata mashimo ya panya, na panya nao wamehama. Siku ya kumi na nne, saa tano asubuhi, nikamimina maji kwenye kikombe cha ofisi. Nikasimama mbele ya mdogo wangu, kibali mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia.

"Umepanda," nilisema. "Umevunwa mtama wako. Umekunywa." Hilo ni uongo, na ni wa kwanza kuusema ndani ya jengo la serikali. "Nenda, Masunga."

Alipokea kikombe kwa mikono miwili. Akanywa maji yote mpaka mwisho, akajifuta mdomo kwa pindo la sanda.

"Asante, kaka," alisema.

Akainuka, akajitengeneza, akatembea hadi mlangoni. Akasimama pale kwenye kizingiti muda mrefu, anautazama uwanja. Aliinua mguu mmoja, akaurudisha. Nikaelewa kwamba anajaribu, na kwamba anajaribu kwa ajili yangu, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake na hajawahi kunikatalia neno. Mwishowe aligeuka. Alirudi polepole, bila kunitazama usoni ili nisione aibu, akakaa mahali pake, akanyoosha mikono kwenye birika.